Mnyapara wa Mzee Shaibu

Nyie mnaoingia kazini sasa hivi mna bahati, na pia mna kazi. Mna bahati kwa sababu mnafundishwa mapema mambo ambayo mimi niliyapata nikiwa tayari naulizwa nitastaafu lini. Mna kazi kwa sababu mtatoka darasani mkidhani mmeyaelewa. Mimi nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili huku pwani ya Lindi maisha yangu yote ya kazi. Jambo la mwisho nililofundishwa, lile wanaloliita tiba ya huruma, nimelitumia na nimeliona likisaidia watu. Lakini mkinibana nieleze linafanyaje kazi, nitaanza kukohoa na kuulizia maji ya kunywa.

Kwa hiyo msitegemee mhadhara. Nitawasimulia habari za mtu mmoja, Mzee Shaibu, mkulima wa korosho kutoka vijiji vya nyuma ya Kilangala. Yeye ndiye aliyenichanganya kuliko wagonjwa wote.

Ngoja kwanza mjue nilikotoka. Mimi ni Mmakonde, jina langu Bosko, na aliyenifundisha kazi ni Sista Rozalia, mwanamke mnene mwenye sauti iliyosikika mpaka getini. Enzi zake mgonjwa akisema, "Sista, kuna mtu ananitukana," jibu lilikuwa moja: "Hakuna mtu. Ni ugonjwa. Meza dawa." Hakusema kwa ubaya. Aliwaogesha wagonjwa kwa mikono yake, akawakata kucha, akagombana na ndugu waliowaleta wakiwa wamefungwa kamba. Ila habari ya sauti hakutaka ijadiliwe. Alituambia ukianza kuuliza sauti imesema nini, umeivutia kiti ikae. Nasi tukashika hivyo. Miaka mingi nimewaambia watu hakuna mtu, nao wakanijibu, "Ndiyo, daktari," huku wakimwangalia huyo asiyekuwepo nyuma ya bega langu. Huku kwetu kila mvaa koti jeupe ni daktari, msijichoshe kusahihisha.

Basi akaja Neema. Alikuwa mwanasaikolojia kutoka Dar es Salaam, msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu wa mwisho, akatufundisha siku kadhaa katika chumba kilichojaa maboksi ya vyandarua. Alisema mtu anayesikia sauti za kumtukana anaishi kama anayefukuzwa. Mwili wake unakimbia hata akiwa amelala. Huwezi kumwambia anayekimbia atafakari. Msaidie kwanza mwili uone kwamba haufukuzwi. Kisha msaidie ajijengee upole wa ndani, awe na mahali pa kusimama. Halafu, akiwa amesimama hapo, ageuke na kuitazama hata ile sauti kwa upole huo huo.

Nikanyoosha mkono. "Hata hiyo sauti?"

"Hata hiyo, baba."

"Inayomtukana?"

"Hasa hiyo."

Nikaangalia wenzangu, nao wakaangalia maboksi.

Alitutaka tujaribu wenyewe. Tukae, tupumue taratibu, tumfikirie mtu mpole sana anayetutakia mema. Nikafumba macho nikajitahidi. Akaja Sista Rozalia, akaniuliza kwa nini nasinzia kazini. Nilipomweleza Neema alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema hata hiyo ni habari. Habari ya nini, hakusema, na mimi niliona aibu kuuliza.

Sasa Mzee Shaibu. Alikuwa akija kliniki na mkewe, Bi Salima, mama mwembamba wa maneno machache. Umri wetu ulikaribiana, lakini yeye alikuwa amekauka kama kamba. Hakuwa mtu wa kukaa. Alisimama karibu na mlango, akizungusha kofia yake mkononi. Sauti aliyoisikia ilikuwa moja, ya mwanamume, na alikuwa ameipa jina: Mnyapara. Ujanani alikata mkonge kwenye shamba kubwa, na huko wanyapara walitembea nyuma ya mistari ya wakataji wakiwafokea wanaozubaa. Huyu naye alitembea nyuma yake hivyo hivyo. Inuka. Mvivu wewe. Unakaa nini? Huna maana. Akimsikia anainuka, anachukua jembe, anakwenda shambani kupalilia chini ya mikorosho ambako hakujabaki hata unyasi mmoja. Bi Salima alinieleza kwamba chini ya mikorosho yao pamefagiwa kuliko ukumbini kwake.

Ndugu walikuwa wamempeleka kwa mganga, wakamnywesha kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, kisha wakamleta kwetu. Sindano zetu zilimpunguza Mnyapara mbio. Hazikumfukuza. Naomba mlishike hili, maana kuna vijana wanaosikia neno huruma wakadhani dawa zimepitwa na wakati: Mzee Shaibu hakuacha sindano hata mwezi mmoja, na mimi sikumshawishi aache. Tulichofanya kilikuwa juu ya sindano, hakikuwa badala yake.

Siku ya kwanza nilijaribu kufanya kama Neema alivyofanya. Nikamkalisha kwenye kiti mbele yangu, nikashusha sauti, nikasema, "Mzee wangu, leo tutajifunza kujionea huruma."

Akazungusha kofia yake. "Daktari, mimi nalima. Nina korosho zangu, nina mihogo yangu. Kwa nini unataka niwe ombaomba?"

Hapo ndipo nilipoona shida ambayo wale walioandika vitabu vyao huko mbali hawakuijua. Neno lao ni zuri, lakini kwetu limebeba mzigo mwingine. Kumwonea mtu huruma ni kumwangalia kutoka juu, naye akiwa chini kwenye vumbi. Kujionea huruma ni kukaa ukilia badala ya kufanya kazi. Nikajaribu rehema, akasema rehema ni ya Mwenyezi Mungu. Nikajaribu upendo, akamwangalia mkewe akaona haya. Nikaacha maneno, nikasema tuanze na pumzi. Nikamwambia afumbe macho.

Hilo lilikuwa kosa la darasani. Mtu anayeona ukuta, dirisha na uso wa mkewe ana vitu vya kumshikilia. Ukimfumbisha macho umembakiza na Mnyapara wake peke yao. Mzee Shaibu alifumba, akakaa kama kuhesabu mbili tatu, kisha kiti kikaanguka na yeye akawa nje. Nikamfuata na ndara moja mguuni. Nilimkuta ameshapanda nyuma ya bodaboda, kamshika dereva mabega, anasema, "Twende!"

"Wapi, mzee?"

"Popote!"

Dereva akageuka kwangu. "Dokta, huyu mshua ni wa kwako?"

Nikasema ni wangu. Akazima pikipiki, nasi watatu tukabaki pale juani tukiangaliana, kila mmoja akiwa hajui anayefuata kufanya kitu ni nani.

Tangu hapo sikumfumbisha mtu macho. Nikajifunza pia kutokukaa uso kwa uso. Kaa ubavuni kwake, nyote wawili mkitazama upande mmoja, kama watu waliopumzika njiani. Na pumzi usimwambie "vuta ndani," kwa sababu mwenye hofu ameshajaza kifua. Mwambie atoe. Mimi nilimwambia atoe kama anayetua gunia la korosho kutoka kichwani. Hilo alilijua. Mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameegemea kiti.

Lilipokuja suala la kumfikiria mtu mpole, nilitegemea atasema mama yake. Akasema mamaye alikuwa mkali. Kisha akasema kule kambini kwenye mkonge kulikuwa na mama mmoja, jina hakulikumbuka, aliyekuwa akiuza chai. Kila asubuhi akimwona anapita alimuuliza, "Umekula, mwanangu?" Kabla hajajibu, alikuwa ameshamshikisha kikombe.

"Basi yule," nikamwambia. "Mweke hapa. Akuulize."

Akatazama ukutani. Bi Salima naye akatazama ukutani, na mimi nikatazama ukutani. Mzee Shaibu akatikisa kichwa polepole, akasema, "Kumbe unataka nijibembeleze."

"Nini?"

"Kujibembeleza. Kama mtoto akishtuka usingizini. Humwambii nyamaza hakuna kitu. Unamchukua, unampigapiga mgongoni, anatulia mwenyewe."

Nikamwambia ndiyo, hilo hilo. Jioni nikampigia simu Neema, nikamwambia nimepata jina la tiba yake. Akasema, "Litamke tena, baba." Nikalitamka. Sikujua kama ameliandika au amelipuuza. Ila nilipokutana naye baadaye, na yeye alikuwa akisema kubembeleza.

Tuliendelea hivyo kwa muda mrefu, wiki baada ya wiki, na wiki nyingi hazikuwa na jipya. Alikuja, akatua gunia lake, mama wa chai akamuuliza kama amekula, akarudi nyumbani. Mnyapara alikuwepo. Neema akaniambia kwenye simu kwamba wakati umefika: Shaibu aongee na Mnyapara mwenyewe. Asibishane naye wala asimtii. Amuulize tu kwa upole anataka nini.

Niseme ukweli, nilikuwa nimechanganyikiwa. Nusu yangu ilikuwa bado kwa Sista Rozalia, inanong'ona kwamba ninaivutia sauti kiti. Nusu nyingine ilikuwa inasubiri kuona. Nikamweleza Mzee Shaibu. Akaona ni jambo la ajabu, akasema hajawahi kusikia mkata mkonge akimuuliza mnyapara swali.

"Jaribu," nikasema. "Atakachosema tutakisikia wote."

"Wewe utakisikiaje?"

"Utaniambia."

Akageukia kona ya chumba, upande wa kabati la dawa. Akatoa pumzi. Mimi nilikuwa nimemwandalia swali zuri, la Neema, lenye maneno kama "unahitaji nini kutoka kwangu." Yeye akafungua mdomo akasema, kwa heshima kabisa, "Umekula?"

Nikaangalia kabati.

Nyuso za watu wanaosikia sauti zina jambo moja mtakalolizoea: zinasikiliza hata zikiwa zinaongea na wewe. Uso wa Mzee Shaibu siku ile ulikoma kusikiliza. Akanigeukia akiwa na mshangao kama mtu ambaye jirani mgomvi amemwitikia salamu.

"Kanyamaza," akasema.

"Ameondoka?"

"Hajaondoka. Yupo. Hajui la kujibu."

Nilimpigia Neema. Nikamuuliza kama hii ni tiba au tumefanya mzaha na ugonjwa. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba, sijui," akasema. "Kwenye kitabu haimo. Lakini endelea." Kumbe na yeye hajui. Sikujua nifurahi au niogope.

Mnyapara hakubaki kimya. Alirudi, tena na matusi. Lakini Mzee Shaibu alikuwa ameshamwona akikosa jibu, na mtu uliyemwona akibabaika mara moja hakutishi tena kwa kiasi kile kile. Akawa anamuuliza maswali shambani, peke yake, amesimama na jembe. Siku moja akaja kliniki, akakaa bila kuambiwa, akasema, "Daktari, amejibu. Nimemuuliza anaogopa nini. Kasema akinyamaza mimi nitalala, na nikilala moto utakuja."

Moto! Nikaona sasa tumefika. Nikakumbuka ule upaliliaji, ile ardhi iliyofagiwa chini ya mikorosho. Mtu anafagia hivyo ili moto usipate pa kupita. Nikaona kila kitu kimepangika, nikamgeukia Bi Salima kwa furaha ya mpelelezi. "Kumbe mliwahi kuunguliwa?"

"Sisi?" akasema. "Hatujaunguliwa hata siku moja."

"Labda kabla hujaolewa?"

"Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Hakuna moto."

Nikamgeukia Mzee Shaibu. Akasema yeye pia hakumbuki moto wowote. Lakini Mnyapara anaukumbuka. Mwezi uliofuata akasema labda ulikuwa moto kule kambini kwenye mkonge. Baadaye akasema labda aliuota. Mimi nilitaka kisa. Sote tunapenda kisa: lilitokea hili, ndiyo maana mtu akawa hivi. Sikukipata. Neema aliniambia moto uwe ulikuwepo au haukuwepo, hofu yake ni ya kweli, na inabembelezwa vile vile. Nilimwelewa kwa kichwa. Tumboni bado nilikuwa nautafuta ule moto.

Msidhani alikuwa akipanda ngazi tu. Msimu wa watu kuchoma majani kuandaa mashamba, moshi ukizagaa vijijini, alivurugika vibaya tukamlaza wodini. Ndugu yao mmoja alikuwa amefariki siku zile. Kwenye hitma yake, watu wakiwa wanasoma Kurani, Mzee Shaibu alinyanyuka akaanza kupigapiga mikeka kwa kofia yake, akizima moto alioona peke yake, wasomaji wakatawanyika na juzuu zao kifuani. Huo ndio uliokuwa mtihani wa familia ile. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliofedheheka.

Ndipo binti yake, Mwanahawa, akaposwa.

Kaka mkubwa wa Mzee Shaibu, Mzee Abdala, alinifuata kliniki. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akavua kofia akaishika kama mdogo wake anavyoshika yake. Akasema, "Daktari, wewe ni Mkristo, labda hujui. Kwetu binti anaozwa na baba yake. Baba ndiye walii. Lakini walii sharti awe na akili timamu. Akili yake isipokuwa timamu, naoza mimi, ami yake. Nataka neno lako moja tu. Amepona au hajapona?"

"Mzee, anaendelea vizuri."

"Hayo ni maneno matatu. Amepona?"

"Bado anasikia. Lakini hafanyi anachoambiwa."

"Kwa hiyo hajapona."

"Sijasema hivyo."

"Kwa hiyo amepona."

Nikakohoa. Mzee Abdala akaniangalia kwa huzuni, wala si kwa hasira. "Mimi sitaki cheo cha mdogo wangu," akasema. "Sitaki tu akimbie mbele ya wakwe akipiga mikeka. Yeye hatakumbuka. Mtoto atakumbuka."

Alikuwa sawa. Na nilipomwona Mwanahawa, aliyekuja na baba yake wiki ile, naye alikuwa sawa. "Shikamoo, daktari," akasema. Nilipoitikia, akasema moja kwa moja, "Mimi nataka mkono wa baba ndio umshike mume wangu. Akikimbia, tutamfuata. Tumeshazoea kumfuata."

Mzee Shaibu mwenyewe nikamuuliza anataka nini. Akafikiri. "Nataka kumuoza mwanangu," akasema. "Na Mnyapara anasema nitaharibu. Sote wawili tunaweza kuwa tunasema kweli."

Tukaenda kwa sheikh wao, mimi, yeye na Mzee Abdala. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa sijui miguu niiweke wapi. Sheikh alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, hakuniuliza mimi kitu. Alimuuliza Mzee Shaibu yeye ni nani, binti ni nani, anaolewa na nani, mwana wa nani, na kama yeye baba ameridhika. Akajibu vyote. Kisha sheikh akauliza, "Bado unasikia?"

Mzee Abdala akainamisha kichwa. Mimi niliomba adanganye, Mungu anisamehe.

"Ninasikia, sheikh."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Anasema nimechelewa shambani."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimemwambia nipo kwa sheikh."

Sheikh akachezea ndevu zake. Hatimaye akasema, "Siku ya ndoa tutaangalia. Akili yake ikiwepo saa ile, anaoza mwenyewe. Isipokuwepo, Abdala upo ubavuni kwake." Tukatoka nje watatu, na hakuna aliyejua kama ameshinda.

Siku ya ndoa wanaume tulikaa barazani kwenye mikeka, wanawake ndani, na uani nyuma ya nyumba sufuria za pilau zilikuwa juu ya moto. Mzee Shaibu alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Aliketi mbele ya bwana harusi, kijana mwenye jasho jingi. Mzee Abdala alikuwa kulia kwake, karibu sana, kama mtu anayekaa karibu na mtungi unaoweza kupinduka. Mimi nilikuwa nyuma. Sheikh akatoa hotuba yake, akawaambia washikane mikono. Mzee Shaibu akaushika mkono wa kijana. Akafungua mdomo.

Upepo ukageuka.

Moshi wa jikoni ukazunguka pembe ya nyumba, mzito, wa kuni mbichi na makumbi ya nazi, ukaingia barazani. Watu wakakohoa. Nikamwona Mzee Shaibu ameganda. Macho yake yakahama kutoka kwa kijana yakaenda pembeni, na uso wake ukawa ule uso wa kusikiliza. Nikajua Mnyapara anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Vidole vyake vilimbana bwana harusi mpaka kijana akauma meno. Mzee Abdala akaanza kuinuka, mkono umeelekea kwenye mikono yao, na mimi nikajikuta nimesimama kwa magoti bila kujua nilitaka kwenda kumfanyia nini. Yale yote niliyosomeshwa yalinipotea.

Mzee Shaibu akatoa pumzi. Ndefu. Kanzu ile ngumu ikashuka mabegani.

"Subiri," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayempigapiga mtoto mgongoni. "Nimeuona. Ni wa pilau."

Kisha mzee mmoja huko nyuma akacheka, na mwingine, wakidhani baba wa binti anawatania wageni wenye njaa. Kicheko kikaenda baraza zima. Sheikh hakucheka. Alimwangalia Mzee Shaibu, akasema, "Tunasubiri, mzee wangu. Hakuna haraka." Mzee Abdala akakaa chini taratibu.

"Nimekuoza mwanangu Mwanahawa," akasema Mzee Shaibu, "kwa mahari mliyokubaliana." Kijana akajibu amekubali. Ndani wanawake wakapiga vigelegele.

Nilikula pilau lile bila kujua ladha yake. Mzee Abdala alikuja akakaa karibu yangu na sahani yake. Nilidhani ataniuliza tena lile swali lake la neno moja. Hakuuliza. Alikula, kisha akaninawisha mikono.

Alasiri Mwanahawa alitolewa nje kuagana na wazee. Alipomfikia baba yake alipiga magoti, kisha akainua uso. Alikuwa amesikia, nyumba za kwetu kuta zake si nene.

"Baba," akasema, "pale ulikuwa unaongea na Mnyapara?"

"Naye huyo huyo."

"Na sasa anasemaje?"

Mzee Shaibu akasikiliza kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu, na nimelifikiria jibu lile mara nyingi tangu siku ile, nikiligeuza huku na huku, sijui kama lilikuwa amri ya mnyapara wa zamani au ulikuwa upole wa kwanza wa kiumbe asiyejua kuusema kwa namna nyingine.

"Anasema nisilie mbele za watu," akasema.

Akamkumbatia binti yake, na akalia mbele yetu sote.